Mbuni na Waraka: Historia ya Biashara ya Kahawa Umatengo

Mche wa kahawa ukipandwa leo Mpepai, au kwenye kijiji kingine chochote cha milima ya Umatengo, haumlipi mwenyewe kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Waraka wa biashara huandikwa Dar es Salaam au Dodoma, siku hizi hata Brussels na Washington, na mara nyingi huanza kazi msimu uleule. Mkulima anapanga kwa miaka, serikali inapanga kwa misimu, na katikati yupo mfanyabiashara aliyekopa benki ili anunue, akoboe na asafirishe kabla riba haijamla.

Kwa karibu miaka 100 kahawa ndiyo imeijenga Mbinga, wilaya ilimo milima hiyo. Bati za nyumba, ada za shule, mahari na nauli za kwenda hospitali zimetoka humo. Muda wote huo bei ya gunia haikuamuliwa na mvua peke yake. Nani aruhusiwe kununua, nani akoboe, nani auze nje, na fedha za kigeni zibaki mikononi mwa nani? Majibu ya maswali hayo yamebadilika mara nyingi, na kila yalipobadilika kuna waliobaki na deni.

Mpaka wa ziwani na mche wa kwanza, 1890–1936

Kabla ya kahawa, biashara ya nchi hii ilikuwa na nyuso mbili. Moja ilielekea Ziwa Nyasa na ng'ambo yake, nyingine ilifuata njia ya misafara iliyokwenda Kilwa na pembe za ndovu na watumwa. Vita vya Wangoni vya karne ya 19 viliwasukuma Wamatengo kwenye miinuko mikali, na huko ndiko kilimo cha ngoro kilikostawi. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu ya nyasi hizo. Linabaki shimo linalokamata maji ya mvua, na maharage au mahindi hupandwa kwenye matuta yanayolizunguka. Wanaume walipanga nyasi, wanawake wakachimba. Ngoro ilitosha kulisha watu wengi kwenye milima ambako jembe la kawaida lingeuacha udongo wote uporomoke bondeni.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na miongoni mwa mistari iliyochorwa mezani ulikuwa mpaka wa Ziwa Nyasa. Watu wa Liuli na Mbamba Bay waliozoea kuvuka kwa mitumbwi kwenda kwa ndugu na wateja wao wakajikuta wanavuka kutoka dola moja kwenda nyingine. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Agosti 1914, Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ilishuhudia meli ya Waingereza ikiilemaza meli ya Wajerumani iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Baada ya vita Tanganyika yote ikawa chini ya Waingereza.

Waingereza walitaka kodi, na kodi ilidai shilingi. Kijana wa Umatengo au Ungoni aliyezihitaji alikuwa na njia moja inayojulikana: kwenda mbali kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Ndiyo maana kahawa aina ya arabika ilipoingia milimani katika miaka ya 1920, ikiungwa mkono na watawala wa kimila wa ukoo wa Makita, haikupokelewa kama zao la mapambo. Ilikuwa njia ya kulipa kodi bila kuhama nyumbani. Na hapa sera ilikuwa upande wa Wamatengo. Nchini Kenya wakati huo Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ili mashamba ya walowezi yasikose vibarua. Tanganyika iliruhusu, na Wachagga walikuwa wamekwisha kuonyesha kule Kilimanjaro kwamba mkulima mdogo anaweza kuuza kahawa nje ya nchi.

Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932 ilifungua mlango mwingine. Mwaka 1936 ukaundwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo, ambao wengi waliufahamu kwa jina la NGOMAT. Tumbaku ya Wangoni iliyokaushwa kwa moto na kahawa ya Wamatengo zikawa na mwuzaji mmoja.

Kahawa yenye mgawo, 1939–1975

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilinunua kahawa ya Afrika Mashariki kwa mikataba ya bei iliyopangwa. Mkulima alipata uhakika wa soko, lakini bei ilipopanda duniani baada ya vita hakuonja faida yote. Katika miaka ya 1950 mambo yalinyooka: bei ikawa nzuri, NGOMAT ikakusanya na kusafirisha, na mibuni ikasogea kutoka karibu na nyumba, kwenye vivuli vya migomba, hadi kwenye miteremko iliyokuwa ya ngoro.

Safari ya gunia la wakati huo inaeleza mengi. Kahawa ilimenywa kijijini kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, ikachachushwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja. Ikabebwa kichwani au kwa punda hadi ghala la chama. Kutoka Mbinga ni karibu kilomita 100 hadi Songea, kwa barabara iliyogeuka tope kila masika. Kutoka Songea ilibaki zaidi ya kilomita 1,000 hadi Moshi, kwenye ukoboaji na mnada. Gharama ya safari hiyo yote ilikatwa kwenye bei ya mkulima. Mchagga aliyelima kahawa ya daraja lilelile alikuwa na Moshi mlangoni pake. Tofauti hiyo haikuandikwa kwenye sheria yoyote, lakini kila uamuzi uliohusu mahali pa kukoboa na mahali pa mnada uliigusa.

Mwaka 1962, chini ya mwaka mmoja baada ya Uhuru, nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikubaliana Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kila nchi inayouza ikapewa mgawo wa kiasi itakachopeleka kwenye masoko makubwa, nao mgawo ukazuia bei isianguke. Tanzania, inayovuna chini ya asilimia 1 ya kahawa ya dunia, ilinufaika kwa kuwa ndani ya mkataba huo. Kilichozidi mgawo kiliuzwa kwa nchi zisizo wanachama kwa bei ya chini. Mkulima wa Mbinga hakujua mgawo ni nini, na hakukuwa na sababu ya kumweleza. Alichokijua ni kwamba bei haikuporomoka ovyo, na kwamba ukipalilia na kupulizia dawa, kahawa inalipa. Kwa zaidi ya robo karne uhakika huo ulikaa kama jambo la asili, kumbe ulikuwa karatasi iliyotiwa saini na watu wa mbali.

Mamlaka badala ya ushirika, 1976–1984

Julai 1975 baridi kali ilichoma mashamba ya kahawa ya Brazil, na kufikia 1977 bei ya dunia ilivuka dola 3 kwa ratili. Hapakuwa na msimu bora zaidi wa kuwa mkulima wa kahawa. Lakini mwaka 1976 serikali ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika na kuweka mahali pake mamlaka za mazao. Ya kahawa ikaitwa Mamlaka ya Kahawa Tanzania. NGOMAT, pamoja na maghala, magari na uzoefu wake wa miaka 40, ikatoweka kwa amri.

Sababu za kuvunja ushirika hazikuwa za uongo. Vyama vingi vilikuwa na wizi, na viongozi wake waligeuka wakubwa wa vijijini. Hata hivyo naamini uamuzi ule ulikuwa kosa kubwa, kwa kuwa haukumwondoa mtu wa kati. Ulimbadilisha tu, ukamleta ambaye mkulima hakumchagua wala hakuweza kumfukuza. Gharama za mamlaka zilipanda, na zote zilitolewa kabla mkulima hajalipwa. Serikali ilitoza pia ushuru wa kusafirisha kahawa nje, hivyo sehemu kubwa ya neema ya 1977 ilibaki hazina.

Mapigo mengine yakafuata upesi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977, bei ya mafuta ikapanda, vita na Idi Amin ikala akiba ya fedha za kigeni.

Kwa aliyeishi Mbinga wakati ule, sera ya biashara ya nje ilionekana zaidi dukani kuliko shambani. Leseni za kuingiza bidhaa zilitolewa kwa mashirika ya umma, na bidhaa zilishuka hadi wilayani kupitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa, RTC. Fedha za kigeni hazikutosha, rafu zikawa tupu. Mkulima alilipwa shilingi zake akakuta hakuna sabuni, hakuna vitenge, hakuna bati, wala vipuri vya mashine ya kumenyea kahawa. Wenye mitumbwi kandokando ya ziwa walijua kwamba ng'ambo Malawi bidhaa zipo, na magendo yakawa biashara yenye hatari na faida. Shilingi ilithaminiwa kwa amri, juu sana kuliko thamani yake sokoni, na hapo ndipo mwuza nje alipoumia bila kuona mkono uliompiga. Kila dola ya kahawa ilibadilishwa kwa shilingi chache, na aliyepata dola hiyo kwa bei rasmi ili aingize bidhaa ndiye aliyefaidi.

Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wafanya magendo. Mwaka 1984 bajeti ilikiri ukweli: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Sabuni ikarudi dukani. Vyama vikuu vya ushirika navyo vikaanza kurudishwa.

MBICU, 1984–1996

Ushirika uliorudi haukuwa tena wa Wangoni na Wamatengo kwa pamoja. Mbinga sasa ilikuwa wilaya, ikapata chama kikuu chake, MBICU. Wazee wengi wa Umatengo bado wanalitamka jina hilo kwa sauti mbili, ya fahari na ya uchungu, na sauti zote mbili zina haki yake.

Fahari kwanza. MBICU ilitoa pembejeo kwa mkopo: mbolea, dawa ya kutu ya majani, dawa ya ugonjwa wa chulebuni. Mkopo ulikatwa kwenye kahawa baada ya mavuno, hivyo asiye na shilingi mfukoni mwezi wa Novemba aliweza kutunza shamba sawa na tajiri. Kuelekea miaka ya 1990 Mbinga ikapata pia kiwanda chake cha kukoboa kahawa, kilio cha muda mrefu kikasikika. Malipo yalikuja kwa awamu: malipo ya awali siku ya kupima, ya pili baadaye, na ya mwisho baada ya mnada. Malipo ya mwisho ndiyo yaliyoezeka nyumba.

Nje ya Mbinga mambo mawili yalikuwa yakienda kwa kasi. La kwanza lilikuwa shilingi. Mwanzoni mwa 1986 dola 1 ilikuwa kama shilingi 17. Agosti mwaka huo Tanzania ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kufikia 1994 dola 1 ilizidi shilingi 500. Kwa hesabu ya haraka mwuza nje alipaswa kushangilia. Lakini mbolea na dawa za kahawa ni bidhaa za kuagizwa nje, nazo zikapanda pamoja na dola. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, ikaisha msimu wa 1994/95. Mabadiliko yaleyale yaliyoongeza shilingi kwenye gunia yaliziondoa kwenye duka la pembejeo.

La pili lilitokea Julai 1989 huko London. Nchi wanachama wa Mkataba wa Kahawa zilishindwa kuelewana, mgawo ukasitishwa, na kila nchi ikamwaga akiba yake sokoni. Bei ya dunia ikaporomoka hadi karibu nusu. Ni vigumu kutaja uamuzi mwingine wa kibiashara uliowahi kuiumiza Mbinga kuliko huo, na hakuna mtu wa Mbinga aliyeulizwa.

Chama kikuu kilichokopa benki kwa kutazamia bei ya zamani kikauza kwa bei mpya. Pengo likawa deni, deni likazaa riba. Zamani serikali ingefidia. Sasa benki zilikuwa zinafanyiwa mageuzi na kuagizwa zikopeshe kibiashara, nazo zikadai. Wakulima waliokabidhi kahawa wakasubiri malipo ambayo kwa wengine hayakufika. Ubadhirifu ulikuwepo, na wapo walioneemeka, lakini ubadhirifu peke yake hauelezi anguko hili. Hata chama chenye viongozi waadilifu kingepata shida kubwa kusimama pale bei ya nje ilipokatwa, ruzuku ikaondolewa na mkopo ukakauka, vyote ndani ya miaka mitano.

Bunge lilibadili sheria za bodi za mazao mwaka 1993, na msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Wakati wenyewe ulikuwa wa ajabu. Katikati ya 1994 baridi iliipiga Brazil tena, bei ikaruka ikapita dola 2 kwa ratili, na makampuni yakapanda milima ya Umatengo na fedha taslimu. Mkulima aliyezoea kusubiri miezi akalipwa papo hapo, mbele ya mizani. Nani angemlaumu kwa kuiacha MBICU? Lakini kahawa aliyouza kwa kampuni ndiyo iliyokuwa dhamana ya mkopo wa pembejeo aliochukua kwa chama. Mkopo haukukatwa popote. Katikati ya miaka ya 1990 MBICU ikaanguka.

Soko huria na dola nusu, 1996–2003

Mfumo wa pembejeo kwa mkopo ulizikwa pamoja na MBICU, na wanunuzi binafsi hawakuwa na sababu ya kuufufua. Kampuni ikimkopesha mkulima dawa, kampuni nyingine inakuja na mizani kubeba kahawa. Hakuna aliyelima kwa ajili ya mshindani wake. Matokeo yakaonekana kwenye majani: kutu na chulebuni vikaenea, mavuno yakapungua, na pamoja nayo ubora uliokuwa ukiipa kahawa ya Mbinga jina.

Kisha Vietnam ikaingia sokoni kwa nguvu, Brazil ikapanua mashamba, na mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ukashuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Ukiondoa usafiri, ukoboaji, ushuru na faida ya mnunuzi, kilichomfikia mkulima hakikutosha kumlipa kibarua wa kuchuma. Wengi waliacha mibuni iote nyasi. Wengine walipanda mahindi na maharage katikati ya mistari, na vijana wakashuka tambarare kufungua mashamba mapya ya mahindi kwenye misitu ya miombo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliofanya kazi kijiji cha Kindimba wakati huo walikuta watu wanaojaribu kila kitu ili kuziba pengo la kahawa, kuanzia nguruwe hadi mabwawa ya samaki.

Upande wa makampuni nako hakukuwa shwari. Kahawa yote ilipaswa kupita mnada wa Moshi, ambako bei hutajwa kwa dola kwa kila kilo 50 na macho yote yako kwenye soko la New York. Kampuni yenye leseni ya kununua kijijini na leseni ya kusafirisha ilipeleka kahawa mnadani na kuinunua tena yenyewe. Mnada ukawa utaratibu wa kujaza fomu. Sheria ya Sekta ya Kahawa ya mwaka 2001 na kanuni zilizofuata zikataka kuvunja mnyororo huo: kampuni moja, leseni moja. Anayenunua kijijini asisafirishe nje.

Nia ilikuwa ushindani wa kweli mnadani. Lakini msafirishaji aliyekuwa na mkataba na mchoma kahawa wa Ulaya au Japani alihitaji kujua mwezi wa tano kwamba mwezi wa kumi atakuwa na kahawa ya daraja fulani kutoka milima fulani. Akikatazwa kufika kijijini, anabaki kubahatisha mnadani, na anayebahatisha hutoa bei ya chini. Serikali ililiona hilo, ikaruhusu vikundi vya wakulima wenye kahawa bora kuuza moja kwa moja nje. Vikundi vya Mbinga viliingia kwenye Kilicafe, chama cha wakulima wa kahawa maalumu kilichoanza mwaka 2001, pamoja na wenzao wa Kilimanjaro na Mbeya. Walijenga mitambo ya pamoja ya kumenya na kuosha kahawa, na waliotunza ubora walilipwa zaidi ya bei ya kawaida. Nadhani hii ndiyo sera bora zaidi ya kipindi chote hiki, na ilikuwa ndogo mno: mlango uliofunguliwa kwa wachache.

Mahindi nayo yafungiwa

Mkoa wa Ruvuma, ilimo Mbinga, hausafirishi kahawa tu. Ni moja ya ghala za mahindi za nchi, na mahindi ya vijana walioshuka tambarare yalikutana na sera ya namna yake: mpaka unaofungwa na kufunguliwa. Julai 2011 serikali ilizuia kuuza mahindi nje kwa kuhofia njaa. Juni 2017, siku ya Idi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akitangaza Moshi alikataza tena, akiagiza anayetaka kuuza nje auze unga. Hoja ya unga ina maana, kwa kuwa kiwanda cha kusaga kinaacha ajira na pumba nchini. Lakini kiwanda hakijengwi ndani ya wiki, na mahindi ya msimu yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Bei ikaanguka kwenye mikoa yenye ziada. Zuio liliondolewa baadaye, wakati mwenye ada ya kulipa alikuwa amekwisha kuuza kwa hasara.

Kahawa yarudi ushirika, 2018 hadi leo

Msimu wa 2018/19 gurudumu lilizungushwa kinyume. Serikali ya Rais John Magufuli iliagiza kahawa yote ya wakulima wadogo ikusanywe na vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, na iuzwe mnadani. Wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama magoma. Ndivyo Mbinga wanavyoiita biashara ya kununua kahawa ikiwa bado mtini. Mwezi wa Januari au Februari, shule zinapofunguliwa na ghala likiwa limekwisha, mwenye pesa hupita kwa mwenye shida, akatoa fedha kidogo na kuandikiana madebe ya kahawa yatakayolipwa mavuno yakifika. Bei yake inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya bei ya msimu. Mjane au mgonjwa huvuna kahawa ambayo si yake tena. Serikali imepiga marufuku magoma mara kwa mara, na mara kwa mara yamerudi, kwa kuwa pengo yanaloliziba, la mkopo wa Januari, ni lilelile lililoachwa wazi MBICU ilipoanguka.

AMCOS zilileta mizani inayokaguliwa na stakabadhi mkononi, na pale uongozi ulipokuwa safi, mkulima akaona bei halisi ya mnada na makato yake yote. Chama kikuu kipya, MBIFACU, kikaanza kushika nafasi iliyokuwa tupu. Ushuru wa mazao ya biashara unaotozwa na halmashauri ulikuwa umeshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na tozo kadhaa za Bodi ya Kahawa zikafutwa. Tatizo la mwanzo lilikuwa muda. Kahawa ilikabidhiwa Julai, ikasubiri kukobolewa, ikasubiri mnada, na fedha zikapita benki kabla ya kufika kijijini. Kila wiki ya kusubiri ilimpa mtu wa magoma mteja mpya. Minada ya kanda, Ruvuma ikiwemo, iliyofunguliwa baadaye ili kila kitu kisitegemee Moshi, ilipunguza kusubiri huko.

Upande wa pembejeo, serikali ilianza mwaka 2017 kuagiza mbolea kwa pamoja ili kupunguza bei. Vita vya Ukraine vilipoipandisha tena, serikali ikatoa tena ruzuku msimu wa 2022/23 kwa shilingi bilioni 150. Miche mipya ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, inayostahimili kutu na chulebuni, iliyojaribiwa hata kituo cha Ugano wilayani Mbinga, ikapandwa kwa wingi.

Ziwa limerudi kwenye hesabu. Barabara ya lami ya kilomita 67 inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay, bandari mpya inajengwa hapo, na Malawi ni soko la karibu kuliko Dar es Salaam. Lakini Aprili 2025 Waziri wa Kilimo Hussein Bashe alitangaza kuzuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, baada ya Malawi kuzuia unga, mchele, tangawizi na ndizi za Tanzania. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, mazungumzo yalipoanza. Mwenye lori la tangawizi lililokwama mpakani hakufidiwa na mazungumzo.

Kwa kahawa, uamuzi mzito sasa uko Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inamtaka anayeingiza kahawa huko aonyeshe kwamba haikulimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lazima liwe na alama yake kwenye ramani. Kwa shamba lisilofika hekta 4 nukta moja inatosha. Mbinga ina maelfu kwa maelfu ya mashamba ya ekari moja au mbili, mengi ya urithi, mengine yaliyogawanywa kwa mdomo kati ya ndugu. Msafirishaji asiyeweza kukusanya nukta hizo atahamia kwa wanaoziweza, na anayegharimia kuzikusanya atataka kufidiwa kwenye bei. Utekelezaji ulipangwa mwisho wa 2024, ukasogezwa hadi mwisho wa 2025, kisha ukasogezwa tena hadi Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na Juni 2027 kwa madogo. AMCOS zilizotumia fedha za wanachama kupima mashamba mapema zimegharimia kitu ambacho mnunuzi bado halazimiki kukiuliza.

Marekani nayo ilitoza kahawa ya Tanzania asilimia 10 mwezi Aprili 2025 na kuondoa tozo hiyo Novemba. Katikati ya mwaka huohuo kahawa ya Brazil ilitozwa asilimia 50, na wanunuzi wakatafuta kwingine kwa miezi mitatu, kisha wakarudi.

Februari 2025 bei ya arabika ilikuwa imevuka dola 4 kwa ratili huko New York, juu kuliko wakati wowote kabla yake. Bei ya namna hiyo humfanya mkulima atafute miche. Iliyopandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka huo itaanza kuchumwa mwaka 2028 au 2029. Kanuni ya Ulaya, kama haitasogezwa tena, itakuwa inatumika kwa kila kampuni, kubwa na ndogo. Mkulima aliyepanda anajua hayo yote, au anajua ya kutosha, na amechimba mashimo yake ya kupandia kwa kina cha futi 2 kama bwana shamba alivyomwelekeza.